Mguu wa Wattie Corsar

Port Ardlaw
6 Novemba 1927

Bwana Corsar,

Hunijui zaidi ya jezi yangu, ila jina langu nadhani hutalisahau. Mimi ni Ninian Rennick, kiungo wa Port Ardlaw, niliyekuvunja mguu jana. Nilikuja hospitali asubuhi hii kabla ya ibada. Dada yako akanizuia mlangoni. "Umekuja kumalizia wa pili?" akaniuliza. Nikamwachia machungwa nikaondoka.

Nataka ulisikie hili kwangu mwenyewe kabla ya magazeti: mimi niliufuata mpira. Uwanja ulikuwa tope tupu, nikateleza, na wewe ulikuwa umeshafika. Ule mlio niliusikia kabla sijajua ni wa nini. Refa hata filimbi hakupuliza. Afadhali angepuliza.

Mimi ni mchoraji wa michoro katika kiwanda cha meli hapa, na mpira ni wa Jumamosi tu. Si mtu mkubwa. Lakini kama kuna kitu chochote unahitaji, niandikie.

Kwa majuto,
Ninian Rennick


Hospitali, Kilmennan
19 Novemba 1927

Rennick,

Unauliza kama kuna kitu nahitaji. Kipo. Mguu. Wa kulia, kuanzia gotini kushuka chini. Kama huko kiwandani kwenu mnaunda, nitumie.

Machungwa yako aliyala mzee wa kitanda cha jirani, akafa. Sisemi ni machungwa.

Eti uliteleza. Kilmennan nzima ilikuwa inatazama na hakuna hata mmoja aliyeona mtu akiteleza. Waliona kijana anakuja kiatu mbele kama mpiga ribiti, yule agongaye misumari ya meli kiwandani kwenu, anayekuja na nyundo. Msimu huu ulikuwa wangu, Rennick. Glasgow walikuwa wameanza kunitazama. Kila mtu hapa anajua.

Sasa nikuambie unachoweza kufanya. Niandikie. Usinyamaze ukaendelea na maisha yako kama wanavyofanya wengine. Nataka niwe najua unacheza wapi, umefunga nani, miguu yako miwili inaendeleaje. Hilo tu. Si kubwa, au siyo?

Walter Corsar


Port Ardlaw
30 Septemba 1928

Ndugu Wattie,

Naandika haraka ili nikuwahi kabla ya gazeti la kesho. Nimeitwa timu ya taifa, mechi na Wales. Mama amelia tangu asubuhi, na wapiga ribiti walinibeba mabegani kutoka lango la kiwanda hadi kwenye tramu, wakaimba nyimbo ambazo siwezi kukuandikia.

Sijajibu bado. Nimeona si haki nivae ile jezi ya buluu wewe usijue. Ukisema neno moja tu la heri, nitakwenda na moyo mweupe.

Jambo la pili. Umesema mguu umeunga vibaya na unauburuta. Jioni nasomea uhandisi, na mwalimu wetu ameniruhusu kutumia karakana. Nataka nikuundie chuma cha kuushikilia mguu, chenye bawaba gotini. Nimeshaanza kuchora. Nitahitaji kuja shambani kwenu kukupima.

Rafiki yako,
Ninian


Shamba la Blackmyre, Kilmennan
3 Oktoba 1928

Ninian,

Nenda! Nani kakuzuia? Nenda ukacheze, kijana. Mimi nitakaa jikoni, mguu juu ya kigoda, dada yangu Elspet ataniwekea blanketi, na majirani watakuja kunisomea gazeti. Watasoma jina lako kisha watanitazama mimi. Wana huruma sana watu wa hapa, hawatasema kitu.

Wakipiga wimbo wa taifa, simama wima. Kuna wengine tungependa kusimama wima.

Neno la heri umeomba. Heri.

Wattie

Kuhusu chuma: njoo upime. Uje na wiski, si machungwa.


Port Ardlaw
21 Oktoba 1928

Wattie,

Sikwenda. Niliwaandikia kwamba nimeumia nyonga, wakamchukua kijana wa Dundee. Mama hajasema nami tangu siku hiyo. Na mwisho wa msimu naacha kabisa kucheza. Nimejaribu, lakini kila ninapokwenda kwenye mpira nasikia ule mlio, nachelewa, na kiungo anayechelewa hana kazi. Nitamaliza uhandisi. Huenda huko ndiko nilikokuwa natakiwa tangu mwanzo.

Nashukuru kwa kunipokea Jumapili. Vipimo vyote ninavyo. Na kuna jambo nimeshindwa kukuuliza uso kwa uso. Ulipokwenda kulala, Elspet alinipa chai na mkate wa shayiri, tukakaa karibu na moto tukaongea, na mara moja alicheka. Nilipokuwa navaa koti akaniambia, "Ukija tena usije na uso wa mazishi." Wattie, je, utachukia nikimwandikia?

Ninian


Blackmyre
29 Oktoba 1928

Ninian,

Nilitaka nisikuambie. Lakini umeuliza.

Elspet alicheka kwa sababu alilelewa vizuri. Ulipofunga mlango alikwenda kutapika nyuma ya zizi. Ananiambia akiona viatu vyako tu anasikia mfupa wangu. "Yule ni mtu mwema, Wattie," akasema, "lakini asije nikiwepo." Ni msichana mpole, hawezi kukuambia mwenyewe, na ukimuuliza utamuumiza mara ya pili. Basi uje siku za soko, akiwa mjini.

Usihuzunike. Umebaki na mimi.

Wattie


Port Ardlaw
14 Juni 1931

Wattie,

Chuma chako nimekipokea na ukanda uliokatika nimeshona upya. Kitarudi kwa gari la moshi la Jumanne.

Nikuambie kitu kilichonifurahisha. Nilifungua bawaba ya goti nikitegemea kukuta pini zimelika, maana umekivaa zaidi ya miaka miwili, shambani, kwenye mawe na matope. Pini zinang'aa kama siku nilipozitia! Chuma kwa chuma lazima vilane, hiyo ndiyo kazi yake. Nilimwonyesha mhandisi mkuu, akazigeuzageuza, akasema, "Rennick, ama wewe ni fundi hodari kuliko sote, ama mteja wako hatembei." Tulicheka. Nadhani yale mafuta niliyokushauri yamesaidia.

Habari kubwa sasa. Cheti nimepata, mimi ni mhandisi kamili. Na Port Ardlaw wameniomba niwe meneja wa timu. Mchana kiwandani, jioni uwanjani. Wamechoka kushuka daraja, wanataka mtu wa hesabu. Nimekubali. Kucheza siwezi, lakini mchezo wenyewe sijaacha kuuona nikifumba macho.

Ninian


Blackmyre
20 Juni 1931

Meneja!

Hongera. Nimewaambia wote kanisani: aliyenivunja amepandishwa cheo.

Basi nisikilize. Hapa shambani mimi ni nini? Kaka wa Elspet asiyeweza kushika jembe. Lakini mpira naujua na mikono ninayo. Unahitaji mkandaji wa timu, mtu wa kuwakanda vijana, kujaza maji ya moto, kuingia uwanjani na ndoo mtu akiumia. Nani anajua kuumia kuliko mimi?

Najua unaye Bauldie Imrie. Yule mzee alikuwa mzee hata tulipokuwa tunacheza. Mwache apumzike.

Wattie


Port Ardlaw
2 Julai 1931

Wattie,

Omba kitu kingine. Bauldie ameikanda timu hii tangu kabla sijazaliwa. Mkewe alipofariki alihamia chumba kile chini ya jukwaa, karibu na boila ya kuchemshia maji, na hakuna anayemtoa. Vijana wanamwita babu. Siku niliyokuvunja, yeye ndiye alipiga magoti akanivua viatu.

Nitakutafutia kazi ofisini, kiwandani, popote.

Ninian


Blackmyre
5 Julai 1931

Ninian,

Vizuri. Bauldie alikuvua viatu. Mimi vyangu walivikata kwa mkasi.

Sitaomba tena.

W. Corsar


Port Ardlaw
9 Agosti 1931

Wattie,

Nimefanya. Uje Jumatatu.

Nilimkuta akikunja taulo. Nikamwambia bodi inataka mtu kijana, na huo ulikuwa uongo, bodi haijui lolote. Akaendelea kukunja. "Nani anakuja?" akauliza. Nikamwambia. "Ah, yule maskini," akasema. "Basi mwambie boila inakohoa asubuhi, asiogope, aipige teke upande wa kushoto." Halafu akaniuliza kama anaweza kubaki na kile chumba. Nikamwambia kwamba sasa ni chako wewe, Wattie. Akasema, "Sawa, mwanangu." Wanawe wawili, ambao ni wapiga ribiti kiwandani kwetu, walikuja na mkokoteni kuchukua kitanda. Hawakunisalimia, na kiwandani hawanisalimii mpaka leo.

Usinishukuru.

Ninian


Uwanja wa Port Ardlaw
16 Februari 1933

Wattie,

Nakuachia karatasi hii mezani kwa kuwa umekwenda nyumbani Kilmennan na mimi naondoka na timu. Bauldie Imrie amefariki leo. Mapafu. Unajua mwenyewe alivyokuwa akija kila siku ya mazoezi, anasimama nje ya lango kwenye mvua, anashika vyuma vya lango anatazama. Nilikuambia umkaribishe kwenye boila. Mwanawe mkubwa anasema ulimwambia mzee kwamba wasio na kazi hawaingii. Nimemjibu haiwezekani, Wattie hawezi kusema hivyo.

Mazishi ni Jumatano. Vaa kitambaa cheusi.

Ninian


Uwanja wa Port Ardlaw
18 Februari 1933

Meneja,

Ni kweli nilisema, lakini kwa utani. Alicheka hata yeye. Amri ya lango ni yako mwenyewe, nenda kaisome.

Jumatano sitaweza. Makaburi yako mlimani na mguu huu, unajua.

Wattie


Greenock
11 Machi 1934

Ndugu Rennick,

Naandika bandarini, masanduku yako tayari melini. Naenda Kanada, kwa shangazi yangu, mji wa Hamilton. Shamba la Blackmyre limeuzwa. Nimeona nisiondoke na hili tumboni.

Wattie hana kilema.

Mguu ulivunjika, hilo ni kweli, nililala sakafuni hospitali nikimsikia. Lakini uliunga vizuri. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa anatembea kama mimi. Ila alipokwenda mjini mara ya kwanza na fimbo, watu walimfungulia milango, wakamnunulia bia, wakamwambia angekuwa mchezaji mkubwa kuliko wote. Akarudi nyumbani amewaka uso mzima. Tangu hapo anachechemea kuanzia kona ya barabara. Akifika uani anaacha.

Unajua Ijumaa ile, siku moja kabla ya mechi, klabu ilimwambia nini? Kwamba Krismasi wanamwacha, amekuwa mzito, anakunywa. Aliniambia mwenyewe akilia. Hakuna mtu Glasgow aliyekuwa anamtazama.

Nilinyamaza kwa sababu ni kaka yangu, na kwa sababu nilidhani wewe na yeye mmeshapatana mambo yenu. Wiki iliyopita alikuja kuchukua vitu vyake. Fahali alitoroka, Wattie akamkimbiza mashamba mawili, akaruka ukuta wa mawe, akamshika pembe. Akarudi amefurahi kama mtoto. Nikamwambia, "Ninian akikuona?" Akacheka. "Ninian? Mkimwonyesha ninaruka, atasema ni yale mafuta." Akanisimulia yote: Wales, na babu wa taulo, na lile alilokuambia kuhusu mimi na zizi. Sikutapika, Ninian. Niliosha kikombe chako nikakiweka peke yake. Na yeye akaniambia umesema hutaki kujifunga na ukoo wa vilema. Nikaamini miaka yote hii.

Kile chuma ulichomuundia kiliegemeza mlango wa banda letu la kuku. Kabla hujampa kazi, alikuwa anakichukua akija kwako tu.

Hamilton wanajenga madaraja na wanatafuta wahandisi. Sikuahidi kitu. Nakuambia tu kwamba sijaolewa, na kwamba nimekuambia haya ili uwe huru.

Elspet Corsar


Port Ardlaw
19 Machi 1934

Bwana Corsar,

Dada yako ameniandikia kabla ya kupanda meli. Nimejua yote. Usije ofisini kwangu kuzungumza, soma tu.

Kwanza, hufukuzwi kazi. Ulidhani nitakufukuza? Utabaki, na chumba cha Bauldie utabaki nacho.

Pili, utaendelea kuchechemea. Si tokea kona ya barabara tu. Kila mahali, kila siku, ukiwa na watu na ukiwa peke yako, maana hutajua ni lini nimesimama mahali. Nimekuundia chuma kipya, kiko juu ya meza ya kukandia. Nimekichora vizuri kuliko cha kwanza. Hiki hakina bawaba. Kinafungwa kwa kufuli dogo kifundoni, na ufunguo ninao mimi. Nitakufungulia Jumapili, uoge.

Kila mechi ya nyumbani, kabla timu hazijatoka, utauzunguka uwanja na ndoo yako, mzunguko mzima, taratibu, ili watu wakuone. Watapiga makofi. Ulipenda hivyo.

Ukikataa, au ukikimbia, nitafanya jambo moja tu: nitawaita wale wana wawili wa Bauldie ofisini kwangu, niwasomee barua ya Elspet. Nitaisoma polepole. Ni watu wakubwa, unawajua. Na kisha nitaipeleka gazetini, nako Kilmennan wataisoma kanisani.

Huenda ulidhani miaka yote hii umenipotezea usingizi. Hapana. Nilikuwa nalala. Nilidhani nalipa, na mtu anayelipa hulala. Ni sasa ndipo silali.

Elspet ameniita Kanada. Amesema ameniambia ili niwe huru. Nilikwenda hadi ofisi ya meli, nikasimama kwenye foleni, nikafika dirishani. Karani akaniuliza, "Bwana anasafiri lini?" Nikafikiri: nikienda, nani atamwangalia Wattie akitembea? Nikatoka.

Jumamosi tunacheza na Motherford. Anza upande wa magharibi.

N. Rennick
Meneja


Hamilton, Kanada
2 Septemba 1935

Ninian,

Barua tatu sijajibiwa, hii ni ya mwisho. Wattie ameniandikia. Kama analosema kuhusu chuma na kufuli ni uongo, niandikie neno moja, nitakuamini wewe kabla yake, na sababu unaijua. Kama ni kweli, usiandike.

Jirani yetu hapa, muuza mbao aliyefiwa na mkewe, ameniposa na ameomba nimjibu kabla ya theluji.

Elspet


Chumba cha boila, Port Ardlaw
24 Oktoba 1937

Meneja,

Naandika kwa kuwa nikikuambia kwa mdomo hunisikii. Usiitupe kabla hujafika mwisho.

Ni kiuno. Kilianza kuniuma baridi iliyopita, nikadhani ni unyevu wa chumba. Jumapili moja uliponifungulia nilikwenda kwa daktari, yule mpya, hanijui. Akanilaza mezani, akauvuta mguu, nikapiga kelele. Akasema nyonga imesagika na mgongo umepinda kuufuata mguu. Akaniuliza, "Nani alikufunga kitu kigumu hivi kwa miaka?" Nikamwambia fundi mmoja. Akasema huyo fundi afungwe. Sikukutaja. Nataka ujue hilo, sikukutaja.

Jumapili iliyofuata nilifunga mlango, nikajaribu kutembea kama zamani, kutoka boila hadi dirishani. Miguu yangu mwenyewe, bila chuma. Nilianguka. Nikajaribu tena nikaanguka. Nilibaki pale sakafuni hadi vijana walipokuja asubuhi. Ninian, imekuwa kweli. Ulichokitaka kimekuwa. Hakuna tena cha kulinda na kufuli, fungua utupe, sitembei wima hata ukinilipa.

Sikuombi kuondoka, sina pa kwenda. Elspet ameolewa, ana binti, barua zangu hajibu tena, katika ya mwisho alisema tunafanana mimi na wewe. Naomba kile kiti cha dirisha la tiketi tu. Kazi ya kukaa. Ule mzunguko na ndoo siwezi tena. Naona nyota nikifika nyuma ya goli.

Nilikuwa mwovu kwako, na kwa mzee wa watu. Nimesema. Hujawahi kuniambia niseme, lakini nimesema.

Wattie


Uwanja wa Port Ardlaw
26 Oktoba 1937

Bwana Corsar,

Barua yako imefika, nimesoma hadi mwisho.

Daktari wako nimemwona. Anasema kweli. Chuma hakihitajiki tena, kwa hiyo ufunguo nimekuwekea kwenye bahasha hii.

Dirisha la tiketi lina mtu.

Jumamosi ni mechi na Kilmennan, saa tisa. Watu wako wa zamani watajaa upande wa magharibi na watataka kukuona. Utauzunguka uwanja na ndoo, mzunguko mzima, kama kawaida. Ukianguka nyuma ya goli usiharakishe kuinuka. Nimewaambia wachezaji wasikuguse mpaka makofi yaishe.

N. Rennick
Meneja